Kioo cha pikipiki hakipimwi kwa urefu wake

Kwa mara nyingine tena nimeletewa pikipiki ya injini ya cc 150 yenye kioo cha mbele kilichopanda hadi juu ya kofia ya dereva, na maelezo ni yale yale: anabeba abiria kati ya Makambako na Njombe, ameambiwa kwamba upepo wa huko utamletea nimonia, na kwamba kioo kadiri kinavyozidi urefu ndivyo kinavyokinga zaidi. Nimelijibu jambo hili kwa mdomo kiasi cha kuchoka, kwa hiyo sasa naliandika.

Nimonia huletwa na vimelea, hasa bakteria na virusi, na kioo hakivizuii. Madhara halisi ya upepo wa baridi ni mengine: unaupokonya mwili joto, vidole vinakufa ganzi, na dereva wa namna hiyo huchelewa kubana breki. Kwa safari ndefu ya Juni au Julai katika Nyanda za Juu Kusini, kioo kinachokinga kifua kinafaa sana, mradi glavu nazo zisisahauliwe. Kwa anayezunguka mitaa ya mjini polepole, sioni haja yake. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi, hivyo kwenye kilomita 80 kwa saa unasukumwa mara nne ya unavyosukumwa kwenye 40.

Sasa urefu, ambao ndio unaonikera. Hewa iliyokatwa na kioo haipotei. Inapanda na kuruka juu ya ncha yake, na nyuma ya kioo panabaki sehemu yenye mgandamizo mdogo, ambamo hewa hurudi ikijizungusha kama maji ya mto nyuma ya nguzo ya daraja. Kichwa kikiwa chote ndani ya sehemu tulivu, dereva anastarehe. Kikiwa chote juu ya msukosuko huo, anapigwa na upepo ulionyooka, ambao una kelele lakini unazoeleka. Balaa ni pale mpaka wa hewa hizo mbili unapoigonga kofia katikati, kwa maana kichwa hutikiswa mfululizo, macho hayatulii barabarani, na shingo huuma kabla safari haijafika nusu. Kwa sababu hiyo kioo kifupi kinachoishia kifuani ni kizuri, na kirefu kinachofika usawa wa pua ni kizuri, ilhali cha katikati, ambacho wengi hukipenda kwa umbo lake, mara nyingi ni kibaya kuliko kutokuwa na kioo kabisa.

Nasema usawa wa pua kwa makusudi, kwa sababu macho yanapaswa kuona barabara kwa juu ya ncha. Kioo cha pikipiki za aina hii hakina waipa. Mvua ikinyesha, anayetazama kupitia kioo anatazama matone na tope, na usiku taa za lori linalokuja husambaa kwenye kila mkwaruzo hadi barabara isionekane. Huyo aliyejikinga hadi juu ya kofia amejifunga kitambaa usoni.

Hata hivyo, kipimo hiki hakinipi uhakika. Nimewafungia madereva wawili wenye kimo kimoja vioo vya aina moja; mmoja alishukuru, mwingine alirudi akilalamikia kelele. Urefu wa kiwiliwili, umbo la kofia na namna ya kukaa hubadilisha kila kitu, nami siwezi kutabiri matokeo kwa kutazama. Ninachofanya ni kukifunga kwa muda, dereva akaendeshe kwa kasi yake ya kila siku, kisha nakiinua au kukilaza kidogo kabla ya kukaza kabisa. Naacha pia mwanya chini, juu ya taa, ili hewa ipite na kujaza ile sehemu ya nyuma na msukosuko upungue. Wateja huniomba niuzibe mwanya huo; naomba msiuzibe. Abiria, ambaye huketi juu zaidi na nyuma zaidi, bado sijampatia suluhisho linaloniridhisha.

Bolti ziwe na washa za mpira na zisikazwe kupita kiasi, kwani nyufa huanzia kwenye tundu. Kioo cha polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayoonyesha, kisifutwe kwa petroli kamwe.

Jambo la mwisho ni pale kinapofungwa. Vioo vingi vya bodaboda hufungwa kwenye usukani, hivyo upepo wa ubavu unaposukuma kioo unasukuma na usukani wenyewe, na lori likikupita kwa kasi unaisikia pikipiki ikivutwa. Kwa anayepita maeneo ya wazi kama ya Singida, kioo kikubwa cha usukani ni hatari. Nampendekezea kifupi, au kile kinachoshikwa na fremu, na kama hapati kati ya hivyo viwili, avae koti zito aendeshe bila kioo.