Kabureta mpya kwenye Hilux ya petroli na gesi: pima tundu la mixa kwanza

Wakija wenye pikapu za zamani zilizofungwa gesi asilia wakitaka kabureta ya Weber, swali langu la kwanza huwa hili: tundu la mixa lina milimita ngapi? Wengi hawajawahi kuliona. Wanajua mtungi, wanajua swichi ya kwenye dashibodi, wanajua gari linachoka kupanda mlima wa Kimara. Mixa, kifaa cha kuchanganya gesi na hewa, imejificha kati ya kabureta na chujio la hewa, na ndiyo inayoamua kama hela ya kabureta mpya itaonekana barabarani.

Nazungumzia Hilux yenye injini ya 22R, cc 2,366, ile ya kabureta, si 22R-E. Magari ya EFI, yanayopuliza petroli kwa nozeli badala ya kabureta, yakifungwa gesi siku hizi hupewa kompyuta na nozeli za kupeleka gesi kila silinda. Kwenye 22R gesi inakaa mtungini kwa bar 200, regyuleta inaishusha hadi karibu na presha ya hewa ya kawaida, halafu inasubiri kuvutwa. Inavutwa na hewa inayopita kwenye tundu jembamba la mixa: hewa ikiongeza kasi pale shingoni, presha inashuka, gesi inafuata. Mchanganyiko huo unashuka kwenye kabureta na kupita vilango vilevile vinavyofunguliwa na mguu wako. Kwa hiyo hata petroli ikikatwa, kabureta bado iko kazini.

Ndiyo maana kabureta iliyochakaa inasumbua kwenye mafuta yote mawili. Shika ekseli ya vilango uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na sailensa, yaani mlio wa injini mguu ukiwa nje ya pedali, haitulii, uwe kwenye petroli au kwenye gesi. Hapo badilisha. Lakini kama gesi inakwenda safi na petroli peke yake ndiyo inakata, usinunue kitu bado. Safisha jeti, yaani vitundu vya kupimia petroli, angalia boya na sindano yake. Ikimisi kwenye vyote viwili na ekseli ni nzima, nenda kwenye plagi, waya na distributa. Mwenye gari la petroli tupu hana kipimo hiki. Wewe unacho, kwa kubonyeza swichi tu.

Sasa Weber yenyewe. Kwa pikapu ya mizigo napenda 32/36. Kilango cha kwanza ni mm 32, cha pili mm 36, na cha pili hakianzi kufunguka mpaka umekanyaga mafuta zaidi ya nusu. Kwenye foleni unatumia koo moja, mlimani unapata mawili. Weber nyingine, ile 38, inafungua yote mawili kwa pamoja. Wapo wanaoipenda, ila kwa gari linalosimama na kuondoka kutwa nzima na tani moja mgongoni, mimi siifungi.

Hesabu iko hapa. Shingo za ndani za 32/36 ni mm 26 na mm 27. Ukijumlisha maeneo yake unapata kama mm za mraba 1,104, sawa na tundu moja la mm 37.5. Pikapu moja ya kubeba saruji ililetwa kwangu ikiwa na mixa ya mm 30, yaani mm za mraba 707. Ningeweka kabureta mpya chini ya mixa ile, injini ingeendelea kupumulia mrija uleule. Tukaweka mixa ya mm 36. Sikwenda zaidi ya hapo, kwa sababu tundu likiwa pana mno mvuto unakufa, regyuleta haisikii kitu, na gari linakataa kuwaka kwenye gesi.

Petroli ikapata nguvu. Gesi pia ikaongezeka, ingawa mwenye gari nilimweleza mapema: gesi asilia inachukua karibu sehemu moja ya kumi ya nafasi ambayo ingekuwa ya hewa, na hakuna kabureta ya kuirudisha.

Siku ya pili akapiga simu. "Fundi, gesi inapanda Kimara bila shida. Nikiweka petroli, ikifika katikati ya mlima inazima." Nililala na jambo lile. Asubuhi nikafungua mixa, nikaona kosa langu. Juu ya kabureta hii kuna tundu la kupumulia la bakuli, pale petroli inapokaa. Gasketi niliyokata kwa mkono ilikuwa imeliziba. Petroli ikivutwa kwa nguvu bakuli linakosa hewa, petroli haishuki. Gesi haipiti kwenye bakuli, ndiyo maana haikuathirika. Nikatoboa gasketi, tukapanda Kimara pamoja na mifuko yote ya saruji, petroli kwanza, kisha gesi. Tangu siku hiyo gasketi naiweka juu ya kabureta na kuhesabu matundu kabla ya kufunga boliti hata moja.

Kurekebisha kuna mpangilio wake. Anza na petroli, injini ikiwa ya moto. Fungua skrubu ya mchanganyiko mizunguko miwili, kisha tafuta pale injini inapotulia. Ukilazimika kuzidisha miwili na nusu, jeti ya sailensa ni ndogo. Ukiishia chini ya mmoja na nusu, ni kubwa. Ukimaliza, iache skrubu ya kilango. Sailensa ya gesi rekebisha kwenye regyuleta peke yake, kwa sababu kilango ni kimoja kwa mafuta yote, na ukikigusa umeharibu ulichokwisha kupata. Upande wa mtungi na mabomba ya presha siugusi. Huo ni wa kituo chenye kibali.

Ukihamia gesi, acha swichi katikati, pale inapokata vyote viwili, mpaka petroli ya bakuli iishe, la sivyo mafuta mawili yanaingia pamoja na injini inasongwa. Bakuli nalo lisikae kavu wiki nzima. Daiframu ya ile pampu ndogo ndani ya kabureta inayorusha petroli unapokanyaga inakakamaa na kupasuka, na gari linasita kila ukikanyaga. Washa kwa petroli kila asubuhi, tembea kilomita mbili tatu ndipo uhamie gesi.

Na tapeti, yaani nafasi za valvu, zipime mara kwa mara kuliko ulivyozoea, mm 0.20 za kuingizia na mm 0.30 za ekzosi, injini ikiwa ya moto. Gesi ni kavu, viti vya valvu vinalika, na nafasi ya ekzosi ndiyo inayoziba mapema.