Sare kwenye picha: anza na mabega

Watu wakisimama mbele ya picha iliyochorwa ya mwanajeshi huanza na uso. Mimi huanza na mabega, nikashuka kifuani, kisha kwenye mikono ya koti. Uso nauacha mwisho. Nasoma historia ya mavazi, na sura ya mkubwa aliyejua anachorwa huwa siiamini upesi.

Mtazame Napoleon aliyechorwa na Jacques-Louis David mwaka 1812, yuko ofisini mwake kwenye kasri la Tuileries. Ni maliki, majoho na taji anayo. Lakini amevaa sare ya kanali wa askari wa miguu wa kikosi chake cha walinzi: koti la buluu, kifua cheupe, nyuzi za dhahabu mabegani. Kanali, mtu anayewaamuru majemadari wote! Hapo ndipo ujanja ulipo, kwani anayejishusha cheo kwa hiari yake hatuna haja ya kuuliza nani mkubwa. Sasa shuka chini. Vifungo vya mikono viko wazi, soksi zimejikunja, mishumaa inakaribia kwisha, na saa inaonyesha saa kumi na dakika 13 za alfajiri. Upanga umewekwa kitini, karatasi za sheria ziko mezani. Tunaambiwa amekesha akifanya kazi huku raia wake wamelala. Hiyo mikunjo ya soksi, kwa maoni yangu, imepangwa kwa uangalifu kuliko dhahabu ya mabegani.

George Washington naye alichorwa na Charles Willson Peale mwaka 1772 akiwa na sare ya kanali wa kikosi cha Virginia, kikosi alichokiacha tangu 1758. Wakati huo alikuwa mwenye mashamba na mjumbe wa baraza la kutunga sheria. Angeweza kuvaa kiraia, akachagua koti la miaka 14 nyuma. Miaka mitatu baadaye alikuwa akiongoza jeshi dhidi ya ufalme uleule wa Uingereza ambao kikosi kile kilipigana upande wake.

Kifua nacho husema. Mchoraji Mhispania Goya alianza kumchora Wellington, jemadari wa Uingereza, mwaka 1812, na mwaka 1814 ilibidi airudie picha ili aongeze heshima mpya alizokuwa ametunukiwa. Kwa hiyo nikiletewa picha isiyo na tarehe, nahesabu nishani kwanza: iliyotolewa mwisho hunionyesha mwaka ambao kabla yake mchoraji hakuwa ameweka brashi chini.