GABA: breki ya ubongo ambayo mwanzoni huamsha

Muulize mwanafunzi wa udaktari GABA, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari, hufanya nini, atakujibu papo hapo: hutuliza ubongo. Hajakosea, mradi ubongo wenyewe uwe umekomaa. Kwa mamalia aliye mchanga, kemikali hiyohiyo huziamsha seli za neva.

Chukua kipande cha ubongo wa panya wa siku 4, chembamba kisichofika nusu milimita, kikiwa hai ndani ya maji ya chumvi yenye oksijeni. Gusisha seli moja kwa ncha ya kioo inayopima umeme, kisha dondosha GABA. Umeme wa seli unapanda, pengine hadi ifyatue ishara. Rudia kwa panya wa wiki 3 na seli inanyamaza.

GABA haijabadilika hata chembe. Kazi yake hapa ni kufungua mlango wa kloraidi, chembe ya chumvi yenye chaji hasi. Kloraidi itoke au iingie, hilo linategemea imejaa upande gani. Seli changa ina protini iitwayo NKCC1, inayoiingiza kwa wingi. Mlango ukifunguka, kloraidi hutoka na chaji yake hasi, seli ikaamka. Baadaye protini nyingine, KCC2, huongezeka na kuifukuza nje, na hapo ndipo GABA inapogeuka breki. Kwenye hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, mgeuko huo hukamilika kwa kiasi kikubwa katika wiki ya pili baada ya kuzaliwa. Sehemu nyingine za ubongo zina ratiba zake.

Mwamsho huo wa mapema una kazi. Huruhusu kalisi kuingia kwenye seli, na kalisi huchochea matawi kukua na miunganiko kujengeka. Tahadhari moja, maana hapa watu huteleza: katika ubongo mchanga ulio kamili na hai, si kipande chake tu, GABA inaweza kupandisha umeme wa seli moja na bado ikauzuia mtandao usiwake ovyo.

Kinachonivutia zaidi ni saa ya kuzaliwa. Utafiti wa mwaka 2006 kwa panya ulionyesha kuwa oksitosini ya mama, homoni ileile ya uchungu, hupunguza kwa muda kloraidi ndani ya seli za mtoto. GABA inatuliza kwa saa chache hizo, na ubongo unastahimili vizuri zaidi upungufu wa oksijeni.

Hali hiyo ya GABA kuamsha seli changa ndiyo sababu moja inayotajwa kwa nini fenobabitali, dawa inayoipa GABA nguvu, mara nyingi haifui dafu mbele ya degedege la vichanga. Watafiti wa Ulaya walijaribu kuongeza bumetanidi ili kuifunga NKCC1. Matokeo yalichapishwa 2015: jaribio lilisitishwa mapema, kwani dawa haikuonyesha nafuu ya kuridhisha na baadhi ya watoto walipoteza uwezo wa kusikia. NKCC1, kumbe, inahitajika sikioni pia.