Alama 6 ya msomaji wa maktaba inasema nini?

Hojaji nyingi za maktaba za vyuo huuliza swali lile lile kwa sura tofauti: umeridhika kwa kiasi gani? Msomaji anaweka tiki, mkutubi anajumlisha, kisha ripoti inapelekwa kwa wakubwa ikisema wengi wameridhika. Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu upande wa huduma kwa wasomaji, na ripoti za aina hiyo hazinisaidii, kwa sababu hazinielezi kesho asubuhi nianze kurekebisha nini.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni LibQUAL+. Kilianza mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Association of Research Libraries, chama cha maktaba za utafiti za Marekani na Kanada, na Chuo Kikuu cha Texas A&M, kikiwa na mizizi katika SERVQUAL, kipimo cha ubora wa huduma kilichobuniwa na Parasuraman, Zeithaml na Berry miaka ya 1980. Kina maswali 22 ya msingi, yanayohusu mambo matatu: jinsi wahudumu wanavyompokea msomaji, urahisi wa kujitafutia taarifa bila kushikwa mkono, na maktaba yenyewe kama mahali pa kukaa na kusoma. Uzuri wake ni kwamba kila swali linajibiwa mara tatu, kwa alama 1 hadi 9: kiwango cha chini unachoweza kukivumilia, kiwango unachokitamani, na kiwango unachokiona sasa.

Chukua msomaji aliyetoa alama 6 mara mbili, moja kwa utulivu wa ukumbi na nyingine kwa huduma ya kaunta. Kwenye utulivu, kiwango chake cha chini ni 7. Kwenye kaunta ni 4, na anatamani 8. Hojaji ya kawaida ingesema mambo hayo mawili yako sawa. Kumbe kaunta iko ndani ya anachoweza kukivumilia, na ukumbi umeshamshinda. Hapo ndipo ninapojua pa kuanzia.

Namba hizo, hata hivyo, hazitoshi bila maoni ya kuandika, nayo yanataka kusomwa kwa subira. Lalamiko ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni "nafasi haitoshi". Kabla ya kuomba viti, tunachukua ramani ya kila ghorofa, tunapita ukumbini kila saa na kuandika kila kiti kina nini: mtu, begi tu, au kitupu. Msimu wa UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, ramani hizo hufundisha mengi. Viti vya ukutani, karibu na soketi, vimejaa tangu asubuhi. Vya katikati vimebaki. Vingine vina begi na daftari la mtu aliyekwenda kula na hajarudi. Msomaji hakusema uongo, nafasi aliyoihitaji kweli haikuwepo, ila tiba yake ni umeme katikati ya ukumbi na utaratibu wa kuachia kiti.

Ukubwa wa jengo nao una heshima yake. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ilitangazwa kuwa inaweza kuchukua watu 6,000 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000, na kwa chuo chenye wanafunzi wengi namna ile hilo ni jambo kubwa. Lakini aliyesoma Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho, anavijua pia vimbweta, zile meza na viti vya zege nje, chini ya miti. Watu hukaa pale kwa sababu diskasheni inataka sauti. Kikundi cha watu sita kinachogombania swali la takwimu hakiwezi kunong'ona, na kikiingizwa kwenye ukumbi wa kimya, malalamiko ya kelele yatakuja hata kama ukumbi ni mpana kama uwanja. Kitengee vyumba vyake.

"Kitabu hakipo" nalo linataka kufuatiliwa hadi rafuni. Katalogi inasema kipo, rafu iko tupu. Mara nyingi kimerudishwa pasipo pake, au mtu amekificha nyuma ya vitabu vya fani nyingine ili kesho akikute. Kupitia rafu na kuzipanga upya kila siku hakugharimu fedha nyingi, lakini bila watu wa kuifanya kazi hiyo lalamiko halitaisha.

Kinachoniumiza zaidi ni wale tusiowauliza. Hojaji ikigawiwa mlangoni inasikiliza walioweza kufika mlangoni. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu aliyekuta ngazi bila njia ya mteremko hatajaza. Asiyeona, aliyekosa kompyuta inayomsomea maandishi kwa sauti, hatajaza. Wa masomo ya jioni, anayetoka kazini na kukuta tunafunga, naye pia. Kwa hiyo hojaji ipelekwe hosteli, vimbwetani na kwenye madarasa ya jioni, na swali la kwanza liwe: kwa nini huji?

Kisha wajibiwe. Tulipoanza kubandika majibu ubaoni, pamoja na yale ya "hapana" na sababu zake, maoni yalibadilika, yakawa marefu na yenye hoja. Tulipoeleza kwamba kufungua usiku kucha kunahitaji walinzi wa zamu na usafiri wa wahudumu, wanafunzi waliandika wakipendekeza ufunguliwe ukumbi mmoja tu wa chini, wenye mlango wake, kwa wiki za mitihani peke yake. Pendekezo hilo sasa liko kwenye bajeti tuliyoiombea fedha.