Je, wajua kwa nini waipsi za juu zinakauka na za chini zinachuruzika maji?

Wazazi wengi mmeshaiona hii. Pakti ya waipsi, zile zenye maji za kumfutia mtoto, umenunua imejaa, umeifungua vizuri, baada ya wiki mbili tatu unavuta ya juu inatoka kavukavu inakwaruza, unavuta nyingine hivyo hivyo, halafu ukifika zile za mwisho kule chini unakuta zinachuruzika mpaka mkono unalowa. Watu wanasema hizo feki, au wa dukani kakuuzia mzigo uliolala. Inawezekana, lakini mara nyingi pakti ni nzima kabisa na sehemu kubwa ya maji yake bado yamo humo humo ndani, yameshuka tu.

Iko hivi. Waipsi sio karatasi, ni kitambaa ambacho hakijafumwa, yaani nyuzi zimetandazwa halafu zikashikanishwa, mara nyingi kwa kupigwa maji yenye presha kubwa. Nyuzi zenyewe kwenye waipsi nyingi ni mchanganyiko, kuna viskosi au nyuzi za mbao ambazo zinanyonya maji vizuri, na kuna plastiki kama poliesta au polipropilini ambayo hainyonyi ila inaipa nguvu isichanike. Maji yanakaa kwenye nafasi kati ya nyuzi. Sasa zikilazwa 70 au 80 moja juu ya nyingine hamna kizuizi chochote kati ya hii na hii, kwa hiyo maji ya ziada ambayo nyuzi haziwezi kuyashikilia yanateremka polepole kwa uzito wake, siku baada ya siku, hata kama pakti iko kwenye shelfu la supamaketi na haijaguswa.

Halafu kuna yale yanayoondoka kweli, yanapanda hewani. Pakti ikiwa imefungwa, hewa kidogo iliyomo ndani inajaa mvuke, ikishashiba basi, ukaukaji unasimama. Kila ukifungua unaachia ule mvuke na unaingiza hewa mpya, na hiyo nayo inaanza kunywa maji mpaka ishibe. Ukiacha upenyo hata mdogo haishibi kamwe. Ndo maana pakti ile ile inadumu zaidi Tanga au Mombasa kwenye joto la unyevunyevu kuliko Dodoma wakati wa kiangazi ambapo hewa ni kavu na upepo hauishi. Na ndugu zetu walioko Muscat na Dubai nao wasishangae, kiyoyozi kikiwaka kutwa nzima kinatoa unyevu kwenye hewa ya chumba, kwa hiyo waipsi iliyoachwa wazi chumbani inakauka haraka japo chumba ni baridi.

Inafurahisha kwamba hizi tishu zenye maji zilipoanza hazikuwa na shida hii. Mmarekani Arthur Julius ndiye aliyezianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950, akaziita Wet-Nap, na zilikuwa zinakaa moja moja, kila moja kwenye kipakti chake kilichozibwa, mpaka mwaka 1963 zikawa zinagawiwa kwa wateja wa kuku wa KFC. Ukichana unatumia inaisha, hakuna iliyobaki ya kukauka. Sisi wa watoto wachanga tunafungua pakti moja mara sita au kumi kwa siku, hapo lazima ulinzi uwe mwingine.

Dawa ya maji kushuka ni ya bure kabisa, igeuze pakti. Ukinunua mpya ilaze kifudifudi usiku kucha kabla hujaifungua, maji yanarudi kwa zile utakazoanza nazo, halafu endelea kuihifadhi hivyo hivyo mdomo chini, au uwe unaigeuzageuza kila siku mbili tatu. Ila kama imefungwa kwa stika tu hakikisha stika imeshika kweli, la sivyo maji yatatokea hapo na utakuwa umejiharibia.

Na hapo kwenye stika ndo penyewe. Mimi ukiniuliza nianze kuangalia nini dukani nitakwambia kifuniko, kabla ya bei na kabla ya hiyo picha ya mtoto anacheka. Stika ni nafuu lakini gundi yake inaisha mapema, poda ikiingia, mafuta ya mtoto yakigusa, kavumbi kidogo, basi inaanza kunyanyuka pembeni na wewe hata huoni. Kifuniko kigumu cha plastiki kinachobana na kulia ta! kinafanya kazi mpaka waipsi ya mwisho. Ukishindwa kukipata, futa kingo za stika kwa kitambaa kikavu, bana hewa itoke, kisha tumbukiza pakti nzima kwenye mfuko wa zipu. Kuna jambo jingine dogo ambalo watu wengi hawalijali: waipsi nyingi zimekunjwa kiasi kwamba ukivuta moja inaleta ncha ya inayofuata, ile ncha ukiiacha imechungulia nje inakuwa utambi, inanyonya maji kutoka ndani na kuyatoa hewani usiku kucha. Irudishe ndani kwa kidole ndo ufunge. Na pakti usiiache kwenye gari juani.

Kuhusu majimaji yaliyomo ndani, zaidi ya asilimia 90 ni maji, kinachobaki ni sabuni laini, vihifadhi vya kuzuia ukungu na bakteria, na asidi kidogo kama ya limau. Hiyo asidi ina maana yake, ngozi ya mtoto kiasili ina uasidi kidogo, mkojo ukikutana na kinyesi ndani ya pampasi uasidi unapungua na vimeng'enya vya kinyesi vinapata nguvu ya kuila ngozi, ndo unaona mtoto kababuka. Zenye spiriti achana nazo kwa mtoto, zinachoma palipobabuka na spiriti inakauka haraka kuliko maji. Manukato makali pia hayana faida yoyote kwa mtoto. Na soma maandishi madogo nyuma, ukikuta Methylisothiazolinone, aina ya kihifadhi, rudisha kwenye shelfu, chama cha Marekani kinachoshughulika na mzio wa ngozi kiliitangaza kuwa kizio, yaani kitu kinacholeta mzio, cha mwaka 2013 na Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi bila kusuuzwa. Waipsi ni hivyo hivyo, unafuta na kuvalisha, husuuzi.

Angalia pia kale kapicha ka kikopo kilichofunguliwa mfuniko, ndani kameandikwa 1M au 3M, maana yake ni miezi ya kutumia tangu siku ulipofungua. Mtoto akishakua na waipsi unatumia chache, nunua pakti ndogo hata kama kwa hesabu ya moja moja ni ghali kidogo.

Zikikauka tayari? Hapa nawaomba sana msikilize. Usimimine maji ya bomba kwenye pakti ikae. Unakuwa umeleta vijidudu kutoka nje na wakati huo huo umevipunguza nguvu vile vihifadhi vilivyowekwa kwa kipimo cha maji ya mwanzo, yaani umetengeneza mahali pa vijidudu kuzaliana halafu unakuja kufutia sehemu za siri za mtoto. Na ile iliyokauka nusu nayo sio ya mtoto, maana kilichopaa ni maji, sabuni na vihifadhi vimebaki palepale vikiwa vikali zaidi, na kitambaa chenyewe kinakwaruza. Ukiihitaji kweli, chukua moja tu, ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tumia hapo hapo kufutia mikono au meza, tupa kwenye pipa na sio chooni, maana ile plastiki haiozi na bomba litaziba. Makalio ya mtoto siku hiyo yatoshe pamba na maji ya uvuguvugu.