Tajiri Akija, Deni Haliondoki: Dhana Potofu Kuhusu Klabu Zinazofilisika

Jioni ya mechi, vijiwe vya kahawa vilivyo karibu na Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma huwa na maelezo yaleyale kila klabu inapotajwa kuishiwa: timu imecheza ovyo, mashabiki wamesusa, ndipo fedha zikakatika. Mara nyingi mambo huanza upande mwingine, na kisa kinachoeleweka kwa urahisi ni cha Portsmouth ya Uingereza.

Portsmouth ilitwaa Kombe la FA mwaka 2008. Wakati kombe linapitishwa mitaani, klabu ilikuwa tayari imejifunga kwa mishahara ambayo mapato ya uwanja wake mdogo wa Fratton Park yasingeweza kuibeba, na pengo lilikuwa likizibwa kwa mikopo na mfuko wa mmiliki. Mfuko huo ulipofungwa, msimu wa 2009/10 ulipita katika mikono ya wamiliki wanne, mishahara ikachelewa zaidi ya mara moja, mamlaka ya kodi ikaenda mahakamani, na Februari 2010 klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa kuilinda dhidi ya wadai, ikiwa ya kwanza kufikwa na hayo ikiwa Ligi Kuu ya nchi hiyo. Pamoja na yote hayo, kikosi hicho kiliifunga Tottenham 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la FA na kupoteza fainali kwa Chelsea kwa bao 1-0 tu. Anayepima afya ya klabu kwa matokeo ya Jumamosi angesema haiumwi.

Wapo wanaodai kwamba kilichoishusha Portsmouth daraja msimu huo ni adhabu ya kukatwa pointi 9 kwa kuwekwa chini ya msimamizi. Hesabu inakataa: ilimaliza na pointi 19, na hata ingerudishiwa zote ingefikisha 28, huku Burnley na Hull zilizoshuka nayo zikiwa na 30 kila moja.

Dhana iliyokita zaidi kwetu ni ya tajiri. Tunasema "kuna mtu kaingia" kana kwamba deni limekwisha kulipwa, wakati fedha ya mmiliki mara nyingi huingia vitabuni kama mkopo. Alexandre Gaydamak, aliyekuwa mmiliki kombe lilipopatikana, alijikuta baadaye katika orodha ya wadai wa klabu hiyohiyo.

Katika orodha hiyo ndipo penye uchungu wenyewe. Kanuni za soka la Uingereza zilitaka wachezaji na klabu nyingine walipwe kikamilifu. Wadai wa kawaida waliahidiwa peni 20 kwa kila pauni, tena kwa awamu. Miongoni mwao walikuwamo St John Ambulance, watu wa huduma ya kwanza wanaokaa pembeni ya uwanja. Kwa mazingira yetu, fikiria mama lishe aliyepika wali wa kambi kwa mkopo wa daftari: anadai laki tano, anapewa laki moja, na hata hiyo anaisubiri.

Mwisho ni suala la jina, ambalo kanda hii ya kati inalichanganya sana. Singida United ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2018, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar, na miaka miwili baadaye ikashuka daraja. Singida Black Stars si timu hiyo iliyovaa jina jipya. Ilitokana na Ihefu ya Mbarali iliyohamia Singida mwaka 2024. Wala jina jipya si dawa ya deni, kwa sababu kanuni za nidhamu za FIFA zinamtambua mrithi wa kimichezo wa klabu inayodaiwa, na katika kumtafuta huangalia makao makuu, rangi, jina, wachezaji na wamiliki. Ikithibitika kuwa ni yuleyule, mchezaji asiyelipwa atamfuata huko huko alikohamia.