Limfu: Maji ya Mwili Yanaporudi Kwenye Damu

Mama mmoja, mkulima wa mahindi kutoka Rwamwanja wilayani Kamwenge, magharibi mwa Uganda, aliingia katika chumba changu cha kuonea wagonjwa akiwa ameufunika mguu wake wa kushoto kwa kitenge, na hata alipoketi hakukiondoa mpaka nilipomwomba ruhusa. Nilibonyeza kidole gumba juu ya muundi kwa sekunde kadhaa, na nilipokiondoa kilibaki kishimo kidogo tu, kwa kuwa ngozi ilikuwa imeshaanza kuwa ngumu. Kisha nilijaribu kuifinya na kuinyanyua ngozi iliyo kwenye shina la kidole cha pili cha mguu. Haikunyanyuka hata kidogo.

"Dokta, damu yangu imeganda?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Damu inapita vizuri. Kilichoharibika ni njia ya maji yanayotoka kwenye damu."

Jibu hilo nimelitoa mara nyingi kwa wagonjwa wa Kamwenge, na naona linastahili maelezo kamili, kwa sababu mfumo wa limfu, yaani njia hiyo ya maji, haufahamiki kwa watu wengi kama moyo au mapafu yanavyofahamika, ilhali hakuna anayeweza kuishi bila mfumo huo.

Damu inapopita katika kapilari, yaani mishipa myembamba kabisa, msukumo wake huyapenyeza maji ya utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu, kupitia kuta za mishipa hiyo hadi katikati ya seli, ambako hupeleka chakula na kupokea taka. Vitabu vya fiziolojia hukadiria kwamba takriban lita 20 hutoka kwa njia hiyo kila siku, na kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hurudi kwenye damu, isipokuwa kiasi cha lita 3 hivi ambacho huokotwa na mishipa ya limfu, na kikishaingia humo ndicho huitwa limfu. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini ndani yake mna protini zilizovuja kutoka kwenye damu, ambazo ni kubwa mno kuweza kurudi moja kwa moja kupitia ukuta wa kapilari. Protini zikibaki katikati ya seli huyashikilia maji yasiondoke, na baada ya miezi na miaka mwili hujaza mahali hapo mafuta na nyuzi za kovu. Ndiyo maana uvimbe wa limfu huanza ukiwa laini, kisha ukawa mgumu kama ule niliougusa kwa mama yule.

Mishipa ya limfu huanzia katikati ya nyama za mwili, na ncha zake za mwanzo zimefungwa. Ukuta wa ncha hizo umejengwa kwa seli zilizolaliana kingo, kama mabati ya paa yanavyolaliana, na kila seli imeshikizwa kwa nyuzi nyembamba kwenye nyama inayoizunguka. Maji yanapoongezeka na nyama kutanuka, nyuzi hizo huvuta kingo zikafunguka na maji yakaingia. Msukumo wa ndani ukizidi ule wa nje, kingo hujifunga, na kilichoingia hakirudi nyuma. Sijaona mlango mwingine mwilini uliobuniwa kwa ustadi kama huu.

Kutoka hapo limfu husafiri bila kusukumwa na moyo. Mishipa mikubwa kidogo ina vali, yaani vilango vidogo vinavyoruhusu mwelekeo mmoja tu, na kuta zake zina misuli inayojikaza yenyewe mara kadhaa kwa dakika, kipande kimoja kikikipokeza kingine. Misuli ya miguu tunapotembea, na kifua tunapopumua, huongeza msukumo. Limfu ya miguu yote miwili, ya tumbo, na ya upande wa kushoto wa kifua, mkono na kichwa, hukusanyika katika mfereji wenye urefu wa sentimita 38 hadi 45 unaopanda mbele ya uti wa mgongo na kumwaga kwenye vena kubwa, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, chini ya shingo, upande wa kushoto. Upande wa kulia una mfereji wake mfupi, unaohudumia mkono, kifua na kichwa vya upande huo pekee. Mfereji mrefu hubeba pia mafuta yaliyofyonzwa na utumbo mwembamba, na kwa sababu hiyo limfu ya tumboni huwa nyeupe kama maziwa baada ya mlo. Weupe huo ndio uliomwezesha Mwitaliano Gasparo Aselli kuiona mishipa hiyo mwaka 1622, alipompasua mbwa aliyekuwa ametoka kula.

Njiani limfu hupita katika tezi, ambazo mtu mzima huwa na mamia. Kila mzazi amewahi kuzigusa: mtoto hujikata mguuni, na baada ya siku mbili anapata mtoki kwenye kinena. Wengi hudhani mtoki ni ugonjwa mwingine uliozuka, kumbe ni tezi inayofanya kazi yake. Mishipa mingi huingia kwenye tezi, lakini inayotoka ni michache, hivyo mwendo wa limfu hupungua, na seli zinazomeza vijidudu hupata nafasi ya kuvikamata. Wakati huohuo seli maalumu zilizotoka kwenye kidonda huleta vipande vya vijidudu hivyo na kuvionyesha kwa limfosaiti, ambazo ni askari wa kinga. Zile zinazovitambua hugawanyika kwa wingi, na tezi ikavimba na kuuma. Kwa hiyo sipendi tezi iitwe kichujio tu, kwa kuwa kichujio hakijifunzi kumtambua adui. Hata hivyo, tezi isiyouma, iliyo ngumu na inayozidi kukua kwa wiki kadhaa, lazima ichunguzwe.

Wengu, mafindofindo na tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari ni ndugu wa mfumo huu. Limfosaiti zenyewe zinaweza kugeuka saratani, na Uganda ina nafasi yake katika historia hiyo: mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Nirudi kwa mguu wa yule mama. Kaskazini mwa Uganda, miguu ya namna hii mara nyingi ni matende yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu na kuishi ndani ya mishipa ya limfu. Kamwenge nako watu walidhani hivyo, hadi uchunguzi wa mwaka 2015 ulipobainisha podokoniosisi, ugonjwa usio na mnyoo wala kijidudu. Chembe za madini za udongo wenye asili ya volkeno hupenya ngozi ya mtu anayelima bila viatu kwa miaka mingi, zikaingia kwenye mishipa ya limfu na kuiumiza mpaka ikaziba. Uvimbe huanzia kwenye nyayo na vidole, na kwa kawaida hauvuki goti.

Matibabu hufuata maumbile niliyoyaeleza. Mguu huoshwa kwa maji safi na sabuni, ukakaushwa hadi katikati ya vidole na kupakwa mafuta, kwa sababu kila ufa kwenye ngozi ni mlango wa bakteria, na kila homa ya mguu huharibu mishipa iliyosalia. Bendeji hufungwa kuanzia vidoleni, ikiwa imekazwa zaidi chini kuliko juu, ili maji yafuate njia ya vali. Kisha mgonjwa hukunja na kukunjua kifundo cha mguu akiwa amefungwa, na usiku huuinua mguu juu ya mto.

Baada ya miezi mitatu, mzunguko wa mguu wa mama yule juu ya kifundo ulikuwa umepungua kwa sentimita 4, na alikuja amevaa viatu vya kufunika. Nilifinya tena ngozi ya kidole cha pili. Bado haikunyanyuka, na nilimweleza kwamba huenda isinyanyuke kamwe, kwa kuwa kovu lililokwisha kuingia halitoki. Akanyoosha mguu nianze kuufunga upya.